Kigelegele Kitakachokufikia Kupitia Japani

Dada Zuhura, natumaini wewe na mwanao hamjambo, na joto la huko si kali kama la Houston.

Shangazi alimbeba kwenye teksi yake mwimbaji wa Kijapani anayerekodi albamu ya nyimbo za watu wengine. Mmoja ni wimbo wa harusi wa kwetu, basi akatualika studio tumsikilizie matamshi. Kila alipofika kwenye kiitikio, Shangazi alipiga kigelegele na fundi akasimamisha mitambo.

“Shangazi, nyamaza kidogo,” nilimnong’oneza.

“Bibi harusi asifiwe, nami nikae kama gogo? Mimi nimelelewa.”

Mara ya nne fundi akamtoa nje. Wimbo ukapoa kama pilau ya jana, hata mwimbaji mwenyewe akaomba kigelegele kirudi. Lakini Shangazi alikuwa amejifungia ndani ya teksi. “Nimefukuzwa, sirudi.”

Wote wakanigeukia mimi, niliyejificha jikoni siku ya harusi yako uliponingoja nikupigie kigelegele. Nikafumba macho, nikapiga. Kilitoka kama birika linalochemka, lakini wamekiacha kwenye albamu itakayotoka Japani. Ndicho chako hicho, Dada, samahani kwa kuchelewa. Shangazi anasema ni chembamba.

Nibusie mtoto mashavu yote mawili.

Mdogo wako akupendaye,
Rukia