Jina la Kuzeeka Nalo

3 Februari

Kwako mama,

Shikamoo. Goti linasemaje? Sisi huku wazima. Mkweo karudi jana na lori lake, kalala kama gunia. Mimi tumbo limeanza kunitangulia mlangoni, na kliniki wamesema ni mtoto wa kike na anacheza vizuri.

Najua tunaongea kwenye simu kila Jumapili, lakini wewe kwenye simu husema "haya, haya, nisalimie wote" hata sijamaliza. Hili nimeona niliandike.

Nimepandishwa cheo, mama. Sasa mimi ndiye msimamizi wa zamu ya asubuhi kwenye chumba cha dobi hapa hotelini: mashine sita, pasi mbili kubwa za mvuke, na watu kumi na wawili wa kuwasimamia. Jumatatu wakaniletea beji mpya. Siku hiyo hiyo akaja mfanyakazi mgeni na fomu yake mkononi, akauliza, "Dada Kadogo yuko wapi?" Nikamwambia ndiye mimi. Akanitazama kuanzia viatuni, macho yakapanda, yakapanda, yalipofika kichwani akashindwa kujizuia. Alicheka mpaka akaketi juu ya kapu la mashuka. Mama, mimi kuingia stoo huinama. Nina miaka thelathini na minne. Meneja kaniuliza kwa upole kama ningependa beji iandikwe jina lingine, "la kiutu uzima kidogo."

Nilicheka nao. Nyumbani nikamwambia mkweo kwamba mtoto huyu atapewa jina la kuzeeka nalo. Yeye anataka Prinsesi. Nimemwambia Prinsesi atalala sebuleni na baba yake.

Wewe umeita majina ya watu miaka mingi, hebu nisaidie. Na nieleze, hili langu nilipewa na nani?

Mwanao,
Kadogo

14 Februari

Mwanangu Kadogo,

Marahaba, mama. Goti langu linafuata hali ya hewa, mimi silifuati. Nimefurahi kwa cheo chako. Usibebe makapu sasa, msimamizi husimamia.

Umeuliza jambo ninalolijua. Hapa hospitalini, dirisha la mafaili, kila asubuhi naita watu wasiopungua mia, na jina ukiliita mbele ya benchi lililojaa ndipo unaliona lilivyo. Wiki iliyopita nimeita "Bebi." Akainuka bibi mwenye mkongojo, meno mawili, na benchi zima likageuka kumtazama. Aliniambia, "Mwanangu, niite kwa namba tu." Yuko pia mzee mmoja anaitwa Redio, kwa sababu siku aliyozaliwa baba yake alinunua redio. Faili lake ni la masikio. Hasikii. Namwita mara nne, na kila nikiita watu wanacheka upya.

Kwa hiyo sikiliza. Usimpe jina la furaha ya siku moja, wala la hasira ya siku moja. Siku itapita, yeye atabaki nalo. Usimpe la kuwakomoa mawifi. Ukilipata, liseme kama unamgombeza, kisha liseme kama unampa pole ya msiba. Likifaa kote kuwili, basi ni jina. Na liwe fupi. Makarani tunachoka, tunaanza kukata herufi.

Kuhusu lako, aliandika nesi. Ni mambo ya zamani, tuyaache.

Msalimie mkwe wangu, umwambie Prinsesi hapana.

Mama yako

1 Machi

Mama,

Shikamoo. Natumaini uko salama na dirishani hawakusumbui. Mimi miguu imevimba kidogo, lakini daktari hajakunja uso.

Tumejaribu ulivyosema. Mkweo anakaa kwenye kochi, mimi nasimama jikoni, naita: "Mwalimu fulani! Shemeji fulani! Bibi fulani, uji tayari!" Tumeondoa majina tisa. La kumi mkweo akalijaribu na "marehemu" mbele yake. Nilimrushia taulo. Hatukuendelea siku hiyo.

Lakini mama, nimeisoma barua yako mara nyingi, na kila nikifika mwisho naudhika zaidi. Unamwonea huruma bibi Bebi ambaye humjui. Mimi je? Shuleni waliniita Kadogo wakati nawapita wote kwa kichwa. Siku ya harusi yangu mshereheshaji alipotangaza "Bibi harusi wetu, Kadogo!" ukumbi ulicheka, na nilikuona. Watu wote walikuwa wananitazama mimi, wewe ulikuwa umeinamisha kichwa. Ulijua kitu siku ile na unakijua hadi leo.

Nesi aliandika vipi? Wewe na baba mlikuwa wapi? Nesi hampi mtu jina wenye mtoto wakiwa hai.

Kama utaniambia tena tuyaache, basi bora usinijibu.

Mwanao

9 Aprili

Mwanangu mpenzi,

Sikukujibu mwezi mzima, na kwenye simu za Jumapili sote tuliliruka. Nilianza barua tatu, nikazichana zote. Juzi mkwe wangu akanipigia simu. Akaniambia mtoto amekuja kabla ya wakati, wa miezi saba, na yuko kwenye mashine ya joto. Pole, mama. Pole sana. Uchungu ule, na mikono mitupu baadaye, naujua.

Akaniambia pia kwamba manesi wameuliza jina mara mbili na umewaambia, "Tusubiri kwanza tuone." Na kwamba kwenye kikaratasi cha kitanda wameandika "Mtoto wa Kadogo." Alipokata simu niliomba ruhusa kazini nikaenda nyumbani, na sasa naandika mpaka nimalize.

Kabla yako nilizaa wawili. Hili hukulijua. Wa kwanza wa kiume, nikampa jina kubwa la babu yangu, akaishi siku kumi na moja. Wa pili wa kike, jina lake nililitarizi kwenye blanketi kabla hajazaliwa. Huyo alifika siku ya tisa. Tulimzika na blanketi lile.

Ukaja wewe, wa miezi saba, kichwa chako kinaenea kwenye kikombe cha chai. Nesi akaja na kikaratasi akauliza jina. Nikageukia ukutani. Nikamwambia andika unachotaka. Akaandika "kadogo," kwa herufi ndogo, kama mtu anavyoandika "mzigo mdogo," ili tu asikuchanganye na watoto wengine. Nilijiambia, asiye na jina hawezi kuitwa akaondoka. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuja kila siku akiuliza, "Tumwiteje?" Nami nikamjibu, bado. Siku arobaini nzima, bado. Alipotaka kukuchagulia mwenyewe nililia mpaka akaacha.

Ulipopona tukaenda kukuandikisha. Karani alinakili kwenye kile kikaratasi, akanisomea: "Kadogo, siyo?" Baba yako akanitazama. Ilikuwa ni kufungua mdomo tu. Nilikuwa bado naogopa, mwanangu, ingawa ulikuwa umeshiba na unapiga miayo mikononi mwangu. Nikasema, ndiyo.

Ndiyo maana kwenye harusi yako niliinama. Si kwa ajili ya wale waliocheka.

Sasa nisikilize, hata kama umenikasirikia. Kutokukupa jina hakukunikinga na chochote. Nilikupenda vile vile, na hofu ilikuwa ile ile, ila wewe ulikosa cha kuitwa. Mpe mtoto jina leo. Akikaa, ni lake. Asipokaa, ni lake pia. Wale wawili majina yao nimeyataja kila asubuhi kwa miaka thelathini na sita, na sijawahi kujuta kwamba ninayo ya kuyataja. Ila usimpe majina yao, wenyewe bado wanayatumia.

Nisamehe, mama. Usiponisamehe, mpe mtoto jina hata hivyo.

Mama yako

28 Mei

Kwako mama,

Shikamoo. Sisi sote watatu ni wazima, nikianza na hilo utasoma mengine umetulia.

Wiki saba kwenye simu tumezungumza gramu na maziwa tu, na nakushukuru hukuniuliza kitu kingine. Barua yako niliisoma nimesimama pale kwenye mashine ya joto. Nilikasirika, mama, sitakuficha. Nilikasirika kwa ajili yangu, na kwa ajili ya baba aliyekuwa anakuja kila siku na swali lake. Halafu nikamtazama mtoto na yale mabomba yake, nikaona nimesimama pale pale uliposimama wewe, nimegeukia ukuta ule ule. Hasira haikuondoka, lakini ilinipisha.

Nikampigia mkweo. Alikuwa njiani, akaegesha lori pembeni. Nikamwambia nataka Adila. Halikuwa kwenye yale majina ya jikoni, lilikuja tu. Akalijaribu kwa sauti nikiwa namsikia, magari yanampita: "Bi Adila. Fundi Adila. Adila, zima taa ulale." Akasema, "Hilo hata akiwa na mvi haliwezi kumwaibisha."

Nikaingiza mkono kwenye lile tundu la kioo, nikamwita. Hakufanya chochote. Alikuwa kilo moja na robo, alikuwa na kazi zake. Nesi akachukua kikaratasi kipya akaniuliza liandikwe vipi, nikamtajia herufi moja moja. Nilipofika ya mwisho nikasimama, nikafuta uso kwa kanga. Nesi yule akaniambia, "Chukua muda wako, dada. Kalamu haiishi wino."

Siku mbili baadaye alizidiwa, kifua. Manesi watatu walimzunguka, na wote walikuwa wanamwita kwa jina lake. Nilishukuru kwamba walikuwa na cha kumwita.

Tumerudi naye nyumbani Jumanne. Kilo mbili na gramu mia moja, na ana hasira.

Mama, kuna swali linaninyima raha, na siulizi kwa ugomvi. Wale wawili uliwaandalia majina kabla hawajazaliwa. Mimi je? Hukuwa na lolote?

Mwanao

6 Juni

Mwanangu,

Namshukuru Mungu kwa Adila. Nimelitaja dirishani, wenzangu wote wamelipenda, hata daktari wa meno ambaye hapendi kitu.

Nimepata likizo ya wiki tatu. Nitaondoka Ijumaa kwa basi la asubuhi, Jumamosi mchana nitakuwa kwenu. Usipike, nitapika mimi. Mkwe wangu asihangaike kunipokea, nitauliza njia.

Swali lako. Nilikuwa nalo. Nililipata ukiwa na miezi minne tumboni, na sikumwambia mtu, hata baba yako. Nimekaa nalo mpaka leo. Mara nyingi ukiwa shuleni, nikiwa nafua nguo zako, nililisema peke yangu.

Sitaliandika hapa. Jina la mtu kwa mara ya kwanza halifai kusomwa, linafaa kusikiwa. Jumamosi nikifika mlangoni, kabla sijampokea mjukuu wangu, nitakuita. Usipotaka kuitika sitakulaumu, nitajua nimechelewa. Lakini nitakuita kwa sauti, kama ninavyoita pale kazini, ili usikie vizuri popote utakapokuwa ndani ya nyumba.

Mama yako