Mama, Mashine Haitoi Nyongeza

Mpendwa Mama,

Nianze na malalamiko, maana nikianza na salamu nitalia, na leo sina nafasi ya kulia. Mama, watu wa Nyamira uliwaharibu. Uliwaharibu kabisa, halafu ukajifia zako ukaniachia mimi niwarekebishe.

Kwanza niwaeleze wanaosoma barua hii kwamba nyumbani sikukuita Mama. Kwa Kigusii mama huitwa "baba", na ndivyo nilivyokuita maisha yangu yote. Lakini nikiandika "Mpendwa Baba" watadhani namwandikia mzee wangu, naye yuko hai, ameketi hapo nje na redio yake, na katika jambo hili hana hatia yoyote.

Mwenye hatia ni wewe. Unaikumbuka meza yako pale karibu na steji ya matatu? Njugu, mandazi, na ndizi mbivu kutoka shambani kwetu Nyaramba. Mtu akishanunua ndizi zake na kulipa, mkono wako ulirudi mezani wenyewe ukamwongezea moja. Njugu vivyo hivyo: kikaratasi kimejaa hadi juu, na bado unachota nyingine kwa kiganja unammiminia mfukoni. Watu wakajifunza. Wakishalipa hawakuondoka. Walisimama tu wakiangalia kando, kama mtu aliyesahau alikokuwa akienda, mpaka uwaongezee. Ndiyo maana hakuna aliyelijua jina lako. Ulikuwa Mama Nyongeza sokoni, Mama Nyongeza kanisani, na hata kadi za harusi zilikuja zimeandikwa hivyo.

Nami nikitoka shuleni na hesabu zangu kichwani, nilikuwa nakugombeza.

"Ukimwongezea kila mtu, faida iko wapi?"

"Atarudi."

"Na akirudi?"

"Nitamwongezea tena."

Halafu unacheka mpaka kitambaa cha kichwa kinalegea. Mteja umleavyo ndivyo akuavyo, Mama. Nilikwambia, hukusikia.

Duka la fotokopi lililoniajiri kule Kisii lilipofungwa, nilirudi nyumbani na wazo langu la mashine ya kuuza vitu yenyewe. Ulikuwa mgonjwa, umeshaanza kulala mchana kutwa. Nilikuonyesha video kwenye simu: mtu analipa, springi inazunguka, biskuti inaanguka, anainama kuichukua, anakwenda zake. Uliitazama kwa makini sana, ukaomba nikurudishie mwanzo. Ukauliza, "Na huyu anayeuza amejificha wapi?" Nikakwambia hakuna mtu, ndio uzuri wake. Ukanirudishia simu. "Sasa watu watasalimia nani?" Nilikasirika, maana nilitaka unisifu.

Mashine ilifika baada ya mazishi yako. Ilitoka Nairobi juu ya lori la ndizi lililokuwa likirudi tupu, imefungiwa majani makavu ya mgomba isikwaruzwe, na kwa wiki nzima ilinuka kama ghala letu. Kliniki moja hapa mjini ilinikubalia niiweke kwenye ukumbi wa kungojea daktari. Nikaipangusa, nikapanga biskuti, njugu, juisi na viazi vya pakiti. Kisha nikaenda kwa wakala wa pesa za simu kusajili namba ya kulipia. Yule binti akaniuliza bila kuinua macho, "Jina la biashara?" Mama, sikuwa nimefikiria. Mdomo wangu ukajibu wenyewe: Mama Nyongeza.

Nilidhani nakupa heshima. Kumbe nilikuwa najitia kitanzi.

Mteja wa kwanza alikuwa mzee mmoja aliyefunga mguu bandeji. Akalipa kwa simu, ujumbe ukaingia kwamba amemlipa MAMA NYONGEZA, biskuti ikaanguka, akaichukua. Halafu hakuondoka. Alisimama akiangalia kando. Mama, ule msimamo niliujua. Baada ya muda akabisha kwenye kioo, polepole, kama mtu aliye mlangoni pa jirani.

"Na nyongeza?"

"Mzee, hii ni mashine."

"Naona ni mashine. Lakini si imesema nyongeza hapa kwa simu yangu?"

Huyo alibisha kwa adabu. Waliomfuata walipiga makofi, wakaja wa kupiga ngumi, wakaja wa mateke. Asante ya punda ni mateke, lakini mimi hata punda mwenyewe sikuwa nimemfadhili. Kijana wa bodaboda aliikumbatia akaitikisa kama mti wa mapera. Mwingine aliingiza mkono pale chini akiitafuta nyongeza yake huko juu, mkono ukakwama, ikabidi muuguzi aje na sabuni. Simu nazo hazikukoma. "Madam, hii mashine yako iko na mkono wa birika." "Wewe kweli ni mtoto wa Mama Nyongeza ama ulijiita tu?"

Nikabandika karatasi: HAKUNA NYONGEZA. Kesho yake nikakuta mtu ameandika chini yake kwa kalamu, "Kwa nini?"

Kwa hasira nikasema haya basi, wapewe wanachotaka. Nikaanza kuamka alfajiri kukaanga njugu kwenye sufuria yako, nazifunga kwenye vikaratasi, nagongelea kila kikaratasi kwa stepla kwenye pakiti ya biskuti. Mashine niliyoinunua ili nisikae mezani ikaniweka jikoni kabla jogoo hajawika! Na haikufaa kitu. Vikaratasi vilinaswa kwenye springi, mashine yote ikasimama ikinguruma. Fundi alikuja kutoka Kisii, akavichomoa kimoja kimoja huku akitikisa kichwa. "Madam, hii si meza ya soko. Hii inataka kitu ya saizi moja. Ukiongeza kidogo tu, inakwama." Alikuwa akisema juu ya mashine, lakini mimi nilisikia kama anakusema wewe, na nusura nimfukuze.

Hata Sabato haikuniletea nafuu. Ijumaa kabla jua halijatua nakwenda kuizima, kwa sababu shangazi, Msabato kama sisi sote, aliapa kwamba mashine ya familia yetu haitafanya kazi siku ya Bwana. Wauguzi Wakatoliki wananitazama nikichomoa waya, nao wana zamu ya usiku na njaa yao. Mmoja aliniuliza kama mashine pia imebatizwa.

Maji yalinifika shingoni matroni wa kliniki aliponiita ofisini. "Kemunto, wagonjwa wangu wanapiga hiyo kitu wakiwa na dripu kwa mkono. Badilisha hilo jina ama uitoe. Nakupa mpaka Jumatatu."

Sikuwa na mahali pengine pa kuipeleka, na sikuwa na kazi nyingine. Na kubadilisha jina ni jambo dogo, unampa wakala kitambulisho, unaandika jipya, unaondoka. Lakini nilirudi nyumbani nikakaa na hasira yangu. Hasira yenyewe ilikuwa juu yako wewe, sitakuficha. Pale kaburini tumeandika jina la kitambulisho, ambalo hakuna anayelijua. Mahali pa meza yako sasa wanauza vifuniko vya simu. Lile jina uliloitwa na watu, lile lililokuwa wewe hasa, lilikuwa limebaki kwenye mashine yangu tu, likiingia kwenye simu za watu wanaongoja sindano. Nikilifuta, nitakuwa nimelifuta mimi, kwa mkono wangu. Nikasema afadhali waivunje.

Jumatatu nilikwenda kliniki nikiwa nimejiandaa kugombana na matroni. Mbele ya mashine nikamkuta mama mmoja mzee, amevaa sweta ya kijani, mfuko wa dawa umening'inia kwenye kifundo cha mkono. Alikuwa ameshika biskuti yake. Hakuipiga mashine wala hakubisha. Alisimama tu.

"Unangoja nini, Mama?" nikamuuliza, nikijua jibu.

"Namngoja huyu mwenyewe. Nimelipa, amenipea biskuti. Sasa nangoja anisalimie. Ako hapo nyuma?"

"Hayuko nyuma."

"Ameenda wapi? Mimi natoka Ekerenyo, ananijua. Alikuwa ananiongezea ndizi ya wajukuu. Mwambie nimesimama mpaka miguu inauma."

Mama, ulipofariki, tangazo lilisomwa na mjomba. Kanisani alisema mchungaji. Waliopiga simu walijibiwa na mzee. Mimi nilipika, nikapokea wageni, nikatafuta viti, na sikuwahi kulitamka neno lenyewe kwa mtu yeyote. Sasa nikalitamka, pale kati ya juisi na viazi.

"Alikufa."

"Lini?"

"Mwezi wa nne."

Nilidhani atanikumbatia, nikajiandaa kukumbatiwa. Hakunikumbatia. Alikasirika. Alinitazama kama mtoto aliyemchezea mtu mzima.

"Alikufa mwezi wa nne na mmemweka hapa? Na mimi nimesimama? Toeni hilo jina. Mnafanya mtu anamngoja."

Akaenda kuketi kwenye benchi, biskuti mapajani, bila kuifungua, akajifuta macho kwa mkono wa sweta. Sikumfuata.

Kwa matroni sikwenda. Nilikwenda moja kwa moja kwa wakala. Yule binti akaniuliza tena bila kuinua macho, "Jina la biashara?" Nikampa jina langu. Tangu siku ile watu wanalipa, wanachukua, wanakwenda. Hakuna anayebisha, hakuna anayenipigia simu, na matroni ananisalimia. Biashara inakwenda kama nilivyotaka iende.

Bado nimekukasirikia. Nimekukasirikia kwa njugu zote, kwa ndizi zote, kwa kuwazoesha watu kwamba wakisimama kidogo utawarudia. Jina lako nimelitoa, Mama. Usidhani ni kwa ajili ya matroni, wala kwa ajili ya mateke. Nimelitoa kwa sababu watu walikuwa wakikungoja pale, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Pumzika huko uliko. Mzee hajambo, ila redio yake ni ya sauti kubwa mno.

Ni mimi, kitinda mimba wako,
Kemunto