Shavu la Kulia la Mzee Kondo

Temeke, Jumapili. Manyunyu.

Imenyesha tangu alfajiri na njia ya kwenda Mtoni imekuwa tope tupu. Siku nyingine ningenung'unika. Leo nimeketi barazani na chai ya tangawizi, viatu vyangu vimejaa udongo wa uwanja wa harusi, wala sina hamu ya kuvisafisha.

Nina furaha, shajara yangu. Niiandike kabla haijapoa.

Wiki yenyewe ilianza vibaya. Jumatatu asubuhi, nilipofungua mlango wa dispensari, mtu wa kwanza kwenye foleni alikuwa mzee mmoja mwembamba aliyekaa kasimika shingo, kama mtu aliyebeba mtungi wa maji kichwani na anaogopa usimwagike. Kiganja chake cha kulia kilikuwa kimeshika shavu. Kando yake alikaa mkewe, Bi Tatu, na ndiye aliyesema.

"Shikamoo, mama," nilianza.

"Marahaba, baba. Tupe dawa ya kulewesha fizi tu. Mng'oa meno wa sokoni anatusubiri. Anasema yameoza matatu."

Huyo mzee ni Mzee Kondo. Sikumjua, na foleni nzima ilinishangaa kwamba simjui. Ndiye mpiga zumari wa huku kwetu. Hakuna harusi ya Temeke, Mtoni wala Yombo iliyotoka bila yeye. Na Jumamosi ilikuwa zamu ya kwake mwenyewe: binti yake wa mwisho, Mwajuma, alikuwa anaolewa.

Mie bado mgeni hapa. Tangu serikali inihamishe kutoka kusini, watu wananiita "yule dakitari wa Masasi," na wengi hunijia wakishamaliza kwingine kote. Si daktari, ni mganga msaidizi, lakini nimechoka kusahihisha.

Nilimwomba mzee afungue kinywa. Nikayatazama yale magego ya juu, upande wa kulia. Meupe, mazima, hayana hata tundu la kuingia ncha ya sindano. Nikayagonga taratibu kwa mpini wa kijiko. Moja baada ya jingine, yote matatu yaliuma sawasawa.

Hapo ndipo nilipotulia kidogo. Jino bovu huuma lenyewe. Meno matatu mazima hayawezi kuamka siku moja yakaamua kuoza pamoja.

Nikamuuliza yalianzaje. Alisema yalianza kwa mafua ya kawaida, yakampata, yakaanza kumwacha, akashukuru Mungu. Kisha siku moja yakarudi kwa hasira. Homa, kamasi nzito ya manjano kwenye tundu moja la pua, harufu mbaya ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyeisikia kwanza. Akiinama kutawadha, uso unagonga kama ngoma.

"Watu wanasema nimefungwa pumzi," alisema kwa sauti ndogo. "Kuna mwenzangu haipendi zumari yangu."

Sikucheka. Mtu akiumwa usoni siku chache kabla ya kumwoza mwanawe, lazima atafute mkono uliofanya.

Nilimwambia ndani ya mifupa ya uso, pembeni mwa pua na juu ya meno, kuna vyumba vidogo vya hewa. Mafua yakivimbisha milango yake, uchafu hukosa pa kutokea, hugeuka usaha, na usaha huo hukandamiza mizizi ya meno. Meno yanapiga kelele, lakini si yenyewe yenye kosa.

Bi Tatu alinitazama kama ninayemuuzia samaki wa jana.

Basi nikawachukua hadi stoo ya dawa, kwa kuwa haina dirisha. Nikafunga mlango, nikamwambia mzee aingize tochi kinywani afumbe midomo, nikaiwasha. Shavu la kushoto likawaka jekundu hadi chini ya jicho, kama kandili iliyofunikwa kitambaa. La kulia likabaki giza.

"Audhubillahi!" Bi Tatu alirudi nyuma akaangusha beseni. "Ndani ya mume wangu kuna taa!"

"Upande mmoja tu, mama. Huu mwingine umejaa, mwanga haupiti."

Akaliokota beseni. Kisha akasema, "Basi meno asing'olewe," na nikajua nimeshinda nusu ya vita.

Nusu ya pili ilikuwa sindano. Mzee alishavua shati. Siku hizi kila mtu ameisikia pensilini, na dawa isiyochoma haihesabiki kuwa dawa. Lakini chupa nilizokuwa nazo chache nimeagizwa niwawekee walio hatarini, na yeye macho yake yalikuwa mazuri, shingo inakunjika, akili timamu. Nikampa vidonge vya salfa kwa kuwa ugonjwa ulishamrudia kwa nguvu, nikamsisitiza anywe maji mengi. Aspirini ya maumivu. Matone ya kufungua pua, kwa siku chache tu. Maji ya chumvi ya uvuguvugu ya kusafishia pua. Na nyungu asubuhi na jioni, ajifunike ajifukize, lakini asiinamie karibu hadi akaungua.

"Nyungu naijua kabla hujazaliwa," Bi Tatu alisema. Uso wake ulilainika. Nadhani kwa mara ya kwanza nilisema kitu alichokitambua.

Nikawaonya: jicho likivimba, au akianza kuona viwili viwili, au kichwa kikimpasua na kutapika, wasinisubiri mie. Wamkimbize hospitali kubwa mjini.

Na zumari asiiguse.

Alivaa shati lake akaondoka bila kuniaga.

Sikulala vizuri, nakiri. Jumanne hakuja mtu. Nilihudumia malaria na vidonda, lakini mawazo yangu yalikuwa kwenye jicho la mzee yule. Nimeliona jicho lililovimba kwa usaha wa namna hiyo mara moja, kusini, na silisahau. Je, ningempa tu ile sindano? Ningepoteza nini? Chupa moja. Na kama chupa hiyo angeihitaji mtoto mwenye nimonia kesho yake? Nilizunguka humo humo kutwa.

Jumatano, kabla jua halijakolea, Mwajuma mwenyewe alikuja mbio, ushungi umemwanguka mabegani. Bibi harusi mtarajiwa haendi barabarani hovyo, kwa hiyo moyo wangu uliruka.

"Baba anatoka usaha puani! Mwingi! Unanuka nyumba nzima. Mama analia."

"Jicho lake je?"

"Jicho zima."

"Na maumivu?"

Akarudisha ushungi kichwani. "Anasema... anasema uso umekuwa mwepesi."

Nikacheka. Mwajuma alinitazama kama nimerukwa na akili. Nikachukua baiskeli nikaenda naye kwao, mie nikiisukuma, yeye akitembea kando na kuniuliza kila hatua kama kweli baba yake hafi. Nilimkuta Mzee Kondo kakaa kitandani, shingo imelegea, anakula uji. Homa imeshuka. Mlango wa kile chumba cha usoni ulifunguka wakati wa nyungu ya alfajiri, na kile kilichokuwa kimejaa kikapata pa kutokea. Nilimwambia Bi Tatu kwamba harufu ile ni habari njema. Alisema hajawahi kuona habari njema inayonuka hivyo, lakini alifuta machozi, akaniwekea na mie bakuli la uji.

Nikamwambia aendelee na vidonge hadi viishe, hata akijiona mzima.

Alhamisi mzee akaja kunidai ruhusa ya zumari.

Alisimama mlangoni pangu na heshima zake zote. "Mwanangu, nimewapigia mabinti wa watu tangu ndevu zangu nyeusi. Wangu nimtoe kimya?"

Nilimwinamisha, nikambonyeza shavu, nikamgonga meno tena. Maumivu yalikuwa yamebaki kidogo sana. Nikamwambia kama hadi Jumamosi hayatarudi, apige wimbo mmoja, bibi harusi anapotoka. Mmoja tu, tena pasipo kukaza.

Jana alasiri nilikwenda. Nilivaa shati langu la kanisani na nikakaa nyuma kabisa, kwa kuwa sikuzoea. Mwajuma alipotokeza mlangoni, Mzee Kondo aliinua zumari, na nadhani ni mie peke yangu uwanjani ambaye sikumtazama bibi harusi. Nilitazama shavu la kulia. Lilijaa, likatulia, likajaa. Sauti ikatoka nyembamba mwanzoni, ikitetema, halafu ikapanda juu ya vigelegele vyote, na wanawake wa huku, ambao wameisikia sauti hiyo maisha yao yote, wakaanza kulia kama ndiyo kwanza wanaisikia.

Wimbo ukaisha. Akaiteremsha. Akanitafuta kwa macho katikati ya watu wote wale na kuinua kidole kimoja, kuomba mmoja zaidi.

Uwanja mzima ukageuka kunitazama.

Sijawahi kutazamwa hivyo. Nikatingisha kichwa kukubali, na kelele iliyopigwa hapo nadhani ilifika Mtoni. Bi Tatu alinijia, akanishika mkono akaniingiza kwenye duara. "Huyu wetu," aliwaambia wenzake. Mie sijui kucheza. Nilicheza.

Sasa mvua inakatika, na niko hapa nawaza jambo moja ambalo siwezi kumwambia mtu mwingine. Sijui kilichomponya. Huenda ni salfa. Huenda nyungu ya Bi Tatu. Huenda mwili wenyewe ulikuwa unajimalizia kazi polepole, na mie nilipita njiani tu nikapongezwa. Wengi hupona hivyo, na mganga hupokea shukrani isiyo yake.

Zamani wazo hilo lingeninyima usingizi. Leo naona linaweza kukaa nami hapa barazani kwa amani. Kazi yangu wiki hii haikuwa kumponya Mzee Kondo. Ilikuwa kumzuia asipoteze alicho nacho wakati anapona.

Kinywani mwake meno yote yamo.