Kutembea Ndani ya Eda

Jumanne, 8 Julai
Nimezunguka kisima tena baada ya swala ya alfajiri. Kutoka mlango wa jiko hadi mpapai, nikarudi. Ua wenyewe kiganja. Wenzangu wa utafiti wa sukari, tulioagizwa kutembea kila siku, saa hizi wako barabara ya ufukweni, wanatembea kifua mbele. Mimi niko eda, sitoki. Miguu inaniwasha.

Nesi Agnes wa utafiti alinionya: sukari yako iko ukingoni, ukizembea utaanza dawa. Mimi na marehemu mume wangu Hamisi tuliandikishwa siku moja. Kila asubuhi aliaga anakwenda kutembea. Kumbe aliishia barazani, kahawa na kashata. Kiharusi kikamkuta hapohapo. Namlilia, na nina hasira naye.

Alhamisi, 10 Julai
Wifi Mwanaisha, dada yake Hamisi, aliyekuja kukaa nami eda, kaniona. Kasimama mlangoni, upindo wa kanga mdomoni.
"Wifi, kaka yangu udongo haujamkauka, wewe unafanya mazoezi?"
Nikaingia ndani. Basi, sitembei tena.

Jumamosi, 12 Julai
Nimekaa. Nimekaa tu.
Wali wa nazi tangu asubuhi. Majirani wameleta sinia, na chakula cha msiba hakikataliwi. Chai anakoroga Wifi mwenyewe, sukari kama ya harusi. Anasema mfiwa asipokula atamfuata marehemu. Mimi naona nikila ndiyo nitamfuata. Mtu mwema kabisa, na leo nimemchukia. Nimefagia ua, nikafagia tena. Hapakuwa na hata jani.

Jumanne, 15 Julai
Agnes kaja na mkoba wa vipimo, kwa kuwa mimi sitoki. Sukari imepanda. Hakunigombeza, kauliza tu kwa nini nimeacha kutembea. Nikatazama mkeka. Kajibu Wifi: kizuka, mjane wa eda, hutulia. Agnes kamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mama, si umekaa? Lete mkono nikupime na wewe presha."
Wifi kaona haya kukataa. Agnes kapima. Kapima na mkono wa pili. Kamwambia iko juu sana, kesho asubuhi aende hospitali, asingoje.
"Kama ya kaka?" Wifi kauliza.
Agnes alimshika tu ule mkono.

Jumatano, 16 Julai
Wifi kaondoka mapema. Adhuhuri hajarudi. Nimesimama nyuma ya mlango wa mbele, mkono kwenye komeo. Kutoka siwezi. Kukaa siwezi. Naogopa kuzika tena. Nimezunguka kisima mpaka niliposikia hodi yake.

Jumapili, 20 Julai
Wifi anameza vidonge. Daktari kamruhusu kutembea, polepole.
Alfajiri nimesikia ndara uani. Nikachungulia. Wifi, kanga kaifunga kiunoni, anatoka mlango wa jiko kwenda mpapai. Nikatoka. Hakunitazama. Kasogea kidogo tu, kaniachia nafasi kando yake.
Tumezunguka mpaka jua likafika ukutani. Chai kapika yeye. Haikuwa na sukari.