Chipu Iliyolala Chali

3 Machi

Baba, shikamoo. Masikio yanaendeleaje? Mimi mzima.

Tangu simu zetu ziwe mimi kupayuka na wewe kuuliza "nani mwenzangu?", sina raha. Kiwanda kimoja kimenitumia chipu ya sampuli, ndogo kama punje ya mchele, inayochuja sauti ya mtu kutoka kwenye makelele. Ni moja tu, hawatatengeneza nyingine. Naichorea bodi ya saketi ya kukaa nyuma ya sikio lako. Nikifumba macho naziona njia zake za shaba, zote zinakuja kwako.

Kitindamimba wako

19 Machi

Marahaba mwanangu. Afya ipo, ila nyumba imekuwa kimya mno. Mvua siku hizi naijua kwa kuiona dirishani. Juzi niliota marehemu mama yako ananiita kutoka jikoni, nikasikia kila neno. Nilipoamka nililia, sikufichi. Usifanye papara, nakujua.

Baba yako, fundi redio mstaafu

30 Aprili

Baba, shikamoo. Natumaini hujambo. Mimi nimeharibu kazi.

Bodi zimekuja, nzuri kweli, na chipu haikubali kukaa. Mguu wake wa kwanza unaangukia mahali pa wa mwisho. Nimechora kinyume, kama mtu anayetazama kwa chini, upande wa kulehemu. Unajua nani alinizoesha hivyo, amenipakata mbele ya redio zilizofunuliwa migongo. Bodi nyingine ni miezi, na daktari alisema usikivu uliobaki hautangoja. Nisamehe.

Kitindamimba

6 Mei

Marahaba. Nimecheka mpaka jirani kaja kuchungulia. Kosa ni langu, mama.

Ilaze chipu chali, miguu juu kama mende aliyekufa. Ya kulia itahamia kushoto. Kila mguu uunge na mahali pake kwenye bodi kwa uzi mwembamba wa shaba. Usiiguse na moto zaidi ya pumzi moja, maana haina pacha. Mkono ukitetemeka, kanywe maji kwanza.

Baba

27 Juni

Mwanangu, hujambo? Kifurushi kimefika. Kifaa chako kina kibyongo, nimekivaa hivyo hivyo.

Kwanza nilisikia mkwaruzo, nikasaka panya chumba kizima, kumbe ni kidevu changu kwenye kola. Kisha ikaja mvua. Nilikaa kitandani nikaisikiliza mpaka ikakatika. Jikoni birika nililobandika likaanza kuimba, na mimi, mtu mzima, nikaitika "naam."

Barua hii usiijibu. Nipigie simu, na usipayuke.

Baba yako