Ng'ombe Kumi na Wawili wa Menza

Jumanne, 18 Mei 1999

Mvua tangu alfajiri. Hoteli ina wageni kumi na tisa tu, wengi wao wazee wa Kijerumani wanaocheza karata baa. Simu hailii. Opareta mzima nimekaa nakata kucha!

Saa nane akaja yule mama Mwingereza wa chumba 114, Gillian. Kwao anafanya kazi maktaba. Akaomba kutumia kompyuta ya rizavesheni, ile yenye intaneti. Meneja yuko Mombasa. Justus wa rizavesheni akasema, "Poa tu, Dama. Aingie, but simu ikikuja nachomoa." Basi nikamsindikiza mama wa watu, kwa umbeya tu.

Modemu ililia weee, kama mbuzi aliyebanwa na mlango. Gillian anatafuta habari za babu yake, aliyekuwa mpimaji ardhi huku pwani zamani. Kumbe kuna maktaba moja Uingereza imepiga picha gazeti la zamani la Mombasa na kuliweka kwenye intaneti! Ukurasa unafunguka polepole, mstari kwa mstari kutoka juu. Kwanza jina la gazeti. Kisha tarehe – 1931. Kisha tangazo la kofia. Kisha – naapa – neno "Kwale", wilaya yetu.

Nilipiga kelele. Gillian wa watu akaruka kitini.

1931! Bibi Mapenzi, shangazi yake Baba, alikuwa mtoto mdogo. Na baba yake Bibi alikuwa ameshapotea.

Jumatano, 19 Mei

Leo nimemuuliza Gillian: je, mtu mweusi wa kwetu Kinango anaweza kuwemo humo? Akanitazama, akasema ukweli ni kwamba si rahisi, gazeti lilikuwa la wazungu na habari zao. Lakini tujaribu.

Nikamweleza. Naandika hapa pia, maana sijawahi kuliandika jambo hili popote. Kwetu Duruma mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake. Menza humzaa Chirau, Chirau humzaa Menza, hivyo hivyo tangu zamani. Mpaka Menza mmoja akaharibu. Huyo ndiye baba yake Bibi Mapenzi. Alipewa ng'ombe kumi na wawili awapeleke Mazeras, mahari ya mdogo wake. Akaondoka nao asubuhi. Hakufika, hakurudi. Mchuuzi mmoja akasema amemwona Tanga na mwanamke. Basi! Mdogo wake akakosa mke, na wazee wakalifunga jina. Baba yangu, mtoto wa Chirau kaka yake Bibi, angekuwa Menza. Akaitwa Chome.

Sasa mke wa kaka yangu Elijah, Milcah, yuko mwezi wake. Akizaa mwanamume, mtoto atabeba jina la Baba. Na Baba, tangu mimba ijulikane, ana neno moja: "Jina langu mimi hasa liko wapi?" Bibi Mapenzi ndiye mkubwa wa ukoo aliyebaki, na Bibi hataki. Kasema mwizi harudi nyumbani kwa mlango wa mtoto.

Elijah anasema wampe jina la Biblia mambo yaishe. Mwoga huyo.

Ijumaa, 21 Mei

NIMEMPATA!!!

Acha nipumue. Meneja alikwenda swala ya Ijumaa, Justus akanipa ufunguo. Gillian amenifundisha: kuna orodha ya vichwa vya habari, mwaka kwa mwaka, na majina ya watu. Nikatafuta Menza. Nikapata watatu. Wa kwanza mshtakiwa wa pombe, Rabai. Wa pili mpishi. Wa tatu – Menza wa Chirau, Mduruma!

Ukurasa ulichukua dakika kumi na moja kufunguka. Nikawa natafuna ukosi wa yunifomu. Habari yenyewe ni hii: Menza wa Chirau amemuua chui kwa panga huko Shimba, chui aliyekuwa amemaliza mbuzi wa watu, na mkuu wa wilaya amempa blanketi na cheti. Chui! Kwa panga! Mwizi gani wa mahari anapewa cheti?

Nikampigia Baba pale pale, kwenye simu ya duka la Mwero, Kinango. Nyumba yetu iko ng'ambo ya barabara, Mwero humwita kwa kupaza sauti. Baba alipofika nikamsomea. Nikamsikia anawaambia watu dukani, "Babu yangu aliua chui!" Wakashangilia hadi spika ya simu ikakwaruza. Akasema jioni hii anamchinja yule beberu mweusi.

Gillian naye akalia machozi. Kaniagiza nisiwaze, anaondoka kesho akiwa na furaha ingawa babu yake mwenyewe hakumpata.

Jumapili, 23 Mei

Aibu. Aibu tupu.

Baba kanipigia asubuhi. Sauti ya chini. Walipokuwa wanakula beberu, Bibi Mapenzi akauliza, chui aliuawa mwaka gani? Baba akamwambia kama nilivyosema: 1938. Bibi akaweka nyama chini. Akasema mwaka huo yeye alikuwa anachunga mbuzi na anamjua sana huyo Menza wa Chirau wa chui. Alikuwa wa Ndavaya, mtu wa maneno mengi, na Bibi alikula kwenye hanga lake, matanga yetu, alipofariki. Kisha akaendelea kula.

Kosa langu, na kosa la kijinga! Kila boma la Waduruma lina Menza wa Chirau wake. Mzungu angekosea hivyo ningemcheka. Kwetu mtu haulizwi jina na jina la baba tu – unauliza mama yake ni wa mlango gani. Mimi Dama binti Chome nimetafuta ukoo wangu kama mtalii.

Na beberu keshaliwa.

Jumatatu, 24 Mei

Siku yangu ya mapumziko. Nimekwenda Kinango kuomba radhi. Nilimkuta Bibi Mapenzi anapukuchua mahindi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua uso. Nikakaa, nikapukuchua nami. Nilitaka kulia, lakini kwa Bibi hulii ovyo.

Baadaye akasema taratibu, "Mjukuu wangu, wewe unamtafuta mtu. Watu wanafanana majina. Tafuta ng'ombe."

Nikamuuliza ng'ombe gani. Akawataja! Wote kumi na wawili! Mama yake alikuwa akimwimbia majina yao akimpakata, maana ndiye aliyekuwa akiwakamua. Dume moja jeupe, pembe ya kushoto imelala hadi shavuni. Alipotolewa mahari Bibi mwenyewe, ng'ombe waliletwa huku wakwe wanacheka, wakauliza kama hawa nao watafika. Amelibeba hilo miaka yote, na mimi nimempelekea chui.

Ilikuwa lini, Bibi? Mwaka wa nzige, masika, yeye akiwa tumboni. Zaidi ya hapo hajui.

Niliponyanyuka kwenda akanishika mkono. "Ukikuta alikuwa Tanga, uniambie vilevile. Usinifiche kwa sababu mimi ni mzee."

Jumatano, 26 Mei

Justus mtu mwema kuliko sura yake. Kafungua ofisi saa saba wakati meneja anakula. "Dakika thelathini, madam. Usiniletee noma."

Nzige! Gazeti lenyewe linanihesabia miaka! Nikatafuta nzige badala ya Menza. Wamejaa tele – nzige Voi, nzige Taveta, nzige wamesimamisha gari moshi. Habari ya Waduruma na nzige: 1929. Basi ni masika ya 1929. Wiki iliyopita sikujua kuwa naweza kufanya jambo kama hili, na sasa mkono unajua wenyewe pa kubonyeza.

Nikaanza vichwa vya habari vya Aprili 1929, kimoja kimoja. Chama cha tenisi. Meli imechelewa. Mvua kubwa, daraja limekwenda. Kisha laini ikakatika. Wakala wa Nairobi alikuwa anapiga simu kuuliza vyumba vya Agosti. Nikamjibu kwa sauti tamu kabisa, huku natamani kumtia kwenye gunia.

Alhamisi, 27 Mei

Meneja ofisini kutwa. Hapana kitu. Milcah kapelekwa hospitali ya Msambweni, miguu imevimba. Elijah yuko naye.

Jumamosi, 29 Mei

Naandika kabla sijamwambia mtu.

Mei 1929. Kichwa cha habari: "Ng'ombe wa mafuriko." Ningekiruka! Hakuna Menza, hakuna Chirau, hakuna hata Duruma kwenye orodha. Nikafungua kwa sababu ya ng'ombe tu. Mstari kwa mstari. Justus amesimama mlangoni ananichungia meneja.

Nimeifasiri hivi, neno kwa neno nilivyoweza:

"Ng'ombe kumi na mmoja wa wenyeji wamekutwa ng'ambo ya mto Mwache, upande wa Mazeras, baada ya mafuriko ya wiki jana. Mchungaji mmoja Mduruma, ambaye jina lake halikujulikana, alikutwa amekufa maji chini ya kivuko, akiwa bado ameshika kamba ya dume jeupe lenye pembe moja iliyolala, nalo limekufa. Amezikwa hapo hapo. Ng'ombe watapigwa mnada wasipopata mwenyewe."

Upande wa Mazeras!! Kumi na mmoja walishavuka! Alirudi majini kumfuata wa mwisho. Hakwenda Tanga, hakuna mwanamke, hakuna wizi. Alikuwa anapeleka mahari ya mdogo wake na alikuwa karibu kufika.

Justus akaja akasoma begani kwangu. Yeye wa Kisii, hana ng'ombe wala Menza, lakini alivua kofia yake. Akanichapia kwenye printa nakala mbili bila kuulizwa.

Halafu nikaona kinachokosekana. Jina. Gazeti halina jina lake. Yule wa chui, asiyetuhusu, wamemwandika jina kamili na blanketi lake. Wetu ni "mchungaji mmoja". Mdogo wa Baba yuko Mazeras, akisikia atasema mbona ng'ombe weupe wako wengi? Atasema tena ni chui wa Dama.

Sijampigia mtu. Safari hii sipigi simu dukani. Nampelekea Bibi mwenyewe.

Jumapili, 30 Mei

MVULANA! Saa tano asubuhi, kilo tatu na kitu. Elijah kapiga simu hotelini anapiga kelele, sikuelewa nusu. Milcah mzima, alhamdulillahi na haleluya, nyumba yetu ina dini zote mbili.

Nikatuma ujumbe kwa Mwero: Baba na Bibi Mapenzi waje Msambweni kesho. Kuna karatasi.

Jumatatu, 31 Mei

Naandika hapa hapa hospitali, nimekaa kitanda cha jirani kisicho na mtu, daftari juu ya goti. Nisipoandika sasa nitakuja kubishana na nafsi yangu kama iliwahi kutokea.

Walifika saa nne. Baba kavaa koti. Bibi Mapenzi kavaa kanga mpya. Milcah akamkalisha Bibi pembeni ya kitanda, lakini Bibi hakumtazama mtoto. Aliniambia, "Soma."

Nikasoma Kiswahili, kisha nikajaribu Kiduruma. Nilipofika pembe iliyolala, Baba akashika chuma cha kitanda. Bibi hakutikisika. Akasema nirudie walikokuwa wale kumi na mmoja. Nikarudia: ng'ambo, upande wa Mazeras. Akasema nirudie tena. Nikarudia.

Kisha akauliza, "Yeye mwenyewe wamemwandika wapi?"

Hapo ndipo nilipopaogopa. Nikamwambia kweli, Bibi, jina hawakuandika. Hawakumjua. Nikakishika kidole chake, nikakiweka juu ya maneno yale, mchungaji mmoja Mduruma. Nikasema hii ni karatasi tu, siwezi kuapa, ni dume tu lililonifanya niamini. Elijah akaanza kusema kwamba jina la Biblia bado – Baba akamwangalia, akanyamaza.

Sasa nesi amekuja na fomu yake. Anataka jina, ana vitanda vingine kumi vya kupita. Elijah kamwangalia Baba. Baba kamwangalia Bibi. Hakuna anayethubutu kulitaja, wala Chome wala lile jingine. Nesi ameuliza mara ya pili.

Bibi Mapenzi ameniachia karatasi. Amemwomba Milcah mtoto, amempakata, amemfunua uso. Anamtazama sana.

Amesema – polepole, kama mtu anayefungua mlango akamkuta mgeni aliyechoka –

"Baba, umekawia."

Nesi anauliza anaandika nini.