Mkono wa Masanja

Jumatatu, 3 Machi
Chai ya rangi, chapati, kisha mtaa wa Kambarage kwa Mama Neema, mshauri wa afya ya akili. Masanja alishafika. Ni mchimbaji wa dhahabu, duara, yaani shimo lao, liliporomoka Geita, likamfukia na mwenzake Kulwa. Kulwa alikufa. Mkono wa kulia wa Masanja haujasogea tangu atolewe, na hospitali haikuona jeraha lolote. Duarani kwao ni mwiko kumtaja aliyefia shimoni, dhahabu itakimbia. Basi hamtaji. Mama Neema anampa udongo wa mfinyanzi, aumbe anachotaka. Anasema hofu inaweza kuufanya ubongo uuzime mkono mzima, na mtu anapobuni kitu ubongo unaweza kupata njia nyingine ya kuufikia.

"Andika udongo unaweza kusaidia, baba. Usiandike unaponya."

Nimeandika alivyosema, nikaipeleka habari gazetini.

Kidole gumba kimesogea leo. Masanja alikitazama kama cha mtu mwingine.

Alhamisi, 6 Machi
UDONGO WA AJABU WAPONYA MKONO. Kichwa cha habari cha mhariri, jina langu chini yake. Nimempigia.

"Kaka, watu wanataka kupona, hawataki somo la ubongo."

Mpumbavu.

Jumamosi, 8 Machi
Foleni kwa Mama Neema hadi barabarani. Wengine wameletwa na lori kutoka Isaka. Ndoo, viroba. Mama mmoja anampaka udongo mwanawe mwenye kifafa. Nikamwuliza kama dawa anaendelea kumpa.

"Dawa ya nini tena? We husomi magazeti?"

Nilitamani kupasua kitu.

Jumatatu, 10 Machi
Chumba cha Mama Neema kimefungwa kwa amri ya serikali ya mtaa, kwa sababu ya foleni. Udongo wote umebebwa na watu, hata uliokuwa na alama za vidole vya Masanja. Amesimama mlangoni. Kidole gumba kimekufa tena. Mhariri anakubali kusahihisha: mistari miwili, chini ya tangazo la magodoro. Nimemtukana. Sijutii.

Jumapili, 16 Machi
Kijijini Samuye, nyumbani kwa Masanja. Mama Neema amekuja kwa bodaboda. Mke wa Masanja alikuwa amekoroga udongo wa kukandika jiko. Masanja akachota kwa mkono wa kushoto, akaumba shimo, na mtu ndani yake.

"Nani huyo, Baba Ngollo?" mkewe akauliza.

Akamgusa yule mtu wa udongo.

"Kulwa."

Akalia. Hakuna aliyemnyamazisha. Sikupiga picha.

Mchana ugali na mlenda, sinia moja. Masanja alijaribu tonge kwa mkono wa kulia. Likadondoka. Tukaendelea kula. Akajaribu tena.